Barua kwa Nafula kuhusu Protini za Utando

Kisumu

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Nimeisoma kwa makini barua yako ya kutoka Njoro, na nimefurahi sana kwamba utafiti wako wa uzamili utaihusu PfCRT, protini iliyo kwenye utando wa kifuko cha umeng'enyaji cha kimelea cha malaria. Watu wa Kisumu tunaujua uzito wake. Mabadiliko ya protini hiyo, hasa pale asidi amino ya nafasi ya 76 katika mnyororo wake ilipogeuka kutoka lisini kuwa threonini, ndiyo yaliyokiwezesha kimelea kuitoa klorokwini ndani ya kifuko hicho, na mwaka 1998 Kenya ikalazimika kuacha kuitegemea dawa hiyo.

Umeniuliza kama kazi hii bado ina haja, ilhali umbo la protini lilikwisha kuchapishwa mwaka 2019. Haja ipo, tena kubwa. Picha ile ya hadubini ya elektroni ilipigwa protini ikiwa imegandishwa katika mkao mmoja, na kazi ya protini ya usafirishaji ni kuubadili mkao wake: hufunguka upande mmoja wa utando, hujifunga, kisha hufunguka upande wa pili. Njia iitwayo mabadilishano ya haidrojeni inaweza kukuonyesha dalili za mwendo huo. Protini ikitiwa katika maji mazito, haidrojeni zilizoshikamana na naitrojeni kwenye uti wa mnyororo wake huondoka na deuteri, yaani haidrojeni nzito iliyo katika maji hayo, huchukua nafasi zao, na kila badiliko huongeza uzito wa takriban dalton 1, kipimo cha uzito wa atomi. Mahali ambapo mnyororo umelegea na maji yanapafikia, badiliko hutokea kwa sekunde au chini yake. Mahali palipokazwa na vifungo vya haidrojeni, huweza kuchukua saa nyingi, hata siku.

Kuyasimamisha mabadilishano hayo kunahitaji mkono wenye nidhamu. Unashusha pH hadi karibu 2.5 na joto hadi nyuzi 0, kasi ya mabadilishano inapungua takriban mara laki moja, kisha pepsini, kimeng'enya ambacho kwa bahati njema kimezoea asidi, inaikata protini vipande vya kupimwa. Tangu hapo una dakika chache tu, kwa kuwa deuteri huendelea kupotea njiani.

Ugumu wa protini za utando umo katika dakika hizo hizo. Mafuta yanayoishikilia protini huziba safu ya kutenganishia vipande na kufifisha ishara ndani ya spektrometa, mashine ya kupimia uzito wa vipande hivyo, nawe huna muda wa kuyaondoa polepole. Wengi huishikilia protini kwa detajenti, yaani kemikali ya jamii ya sabuni, kama DDM, kwa sababu haisumbui sana. Mimi nakushauri utumie nanodiski, yaani kisahani cha lipidi (mafuta ya utando) kilichozungushiwa mkanda wa protini, hata kama itakubidi uongeze hatua ya kunasa lipidi kwa chembe za zirkonia. PfCRT ilipigwa picha ikiwa ndani ya nanodiski, kwa hiyo utalinganisha vitu vya hali moja. Isitoshe, ziko protini za usafirishaji ambazo mkao wake umeonekana kufuata aina ya lipidi zinazozizunguka, na detajenti ingekuficha jambo hilo.

Ninalokusihi zaidi ya yote ni kwamba usiandike kuwa sehemu fulani imetulia kwa kuwa tu haikupokea deuteri. Hesi, yaani sehemu za mnyororo zilizojisokota, zikizama ndani ya utando hazifikiwi na maji, na vifungo vyake ni imara, hivyo zinaweza kusogea zote kwa pamoja bila uzito wao kubadilika. Pima hali mbili kila mara, protini yenye lisini na ile yenye threonini, yenye klorokwini na isiyo nayo, na hoja yako uijenge juu ya tofauti kati yao. Ukiona kwenye mchoro wa spektrometa vilele viwili vya uzito badala ya kimoja kinachosogea taratibu, huenda umeinasa protini katika mikao miwili. Lakini pitisha kwanza sampuli tupu, maana mabaki ya kipimo kilichotangulia huleta sura hiyo hiyo.

Kwa kuwa muda wako kwenye mashine utakuwa mfupi, usiguse maji mazito kabla ya kujua pepsini inakupa vipande gani. Hesi za utandoni hukatika kwa shida, na kama eneo la nafasi ya 76 halitokei, ni heri tulijue mapema. Nitumie ramani ya vipande hivyo mara tu utakapoipata, tuipitie pamoja.

Rafiki yako,
Odhiambo