Kabla hujawasha tanuri

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako kuhusu raku, ufinyanzi ambao chombo hutolewa tanurini kingali moto mkali, imejaa maswali ya moto: koleo la urefu gani, glavu zipi, usimame wapi. Nitakujibu, ila tuanze na unga wa glezi, yaani mpako unaogeuka kama kioo juu ya chombo ukichomwa. Moto utauogopa bila kuambiwa. Vumbi la unga halina harufu wala haliwashi, na mna silika, madini ya mchanga, ndani yake inayoharibu mapafu polepole, isitibike.

Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile inayobana uso sawasawa. Leso haisaidii kitu. Tangulia kutia maji kwenye ndoo, kisha nyunyiza unga juu yake, uuache ulowe hadi kesho yake ndipo ukoroge na kuchuja. Ukimwagia maji kwenye unga mkavu, utatimua vumbi chumba kizima. Meza futa kwa sifongo mbichi, usifagie kamwe. Mchanganyiko wa kuanzia ni sehemu 80 za Gerstley borate (madini yenye boroni, yanayosaidia glezi kuyeyuka) kwa 20 za nefelini sayeniti (mwamba uliosagwa), na kabonati ya shaba kidogo ukitaka mng'ao wa madini. Shaba hiyo ni sumu ikimezwa, basi vaa glavu, na chai yako ibaki nje. Ukikutana na mapishi ya zamani ya glezi yenye madini ya risasi, yapite.

Glezi ikauke kabisa kabla ya kuingia tanurini, maana unyevu ukigeuka mvuke hupasua chombo.

Haya, moto. Choma nje. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, kwa hiyo paka maungio ya mpira maji ya sabuni uone kama yanatoa mapovu. Vaa pamba, si nailoni inayoyeyukia mwilini. Karibu na nyuzi 1000 za Selsiasi glezi huonekana imelowa na kumeremeta: hapo toa chombo kwa koleo refu, kitie kwenye pipa la chuma lenye unga wa mbao, funika. Simama upande unaotoka upepo; moshi ule una monoksidi ya kaboni. Wengi hupatwa wanapofunua kwa pupa, hewa ikaingia ghafla na moto ukawarukia usoni. Na shaba ikipata hewa ingali moto hupoteza mng'ao na kurudi kijani, kwa hiyo subira inalipa mara mbili.

(Atakayekuambia raku bila pipa si raku, mpuuze. Wajapani walifanya raku tangu karne ya 16 bila kufukiza hivyo. Mtindo wa pipa ulishika Marekani miaka ya 1960, kwa mfinyanzi Paul Soldner na wenzake.)

Kuhusu vikombe vya chai unavyotaka kumpa mama: hapana. Glezi hiyo hupasuka nyufa nyembamba, udongo hunyonya maji, na shaba huweza kuingia kwenye kinywaji. Mfinyangie chombo cha maua makavu.

Wako daima.