Kabla ya Ijumaa
Habari za jioni ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Malipo ya korosho yameanza kuingia, na wengi mnataka kuongeza mtaji kwenye foreksi, yaani biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Naomba tusiharakishe. Ijumaa saa kumi na nusu jioni Marekani inatoa takwimu za ajira; bei ya dhahabu, ambayo nayo huuzwa humo, inaweza kuruka ndani ya sekunde chache, hata stop losi (amri ya kufunga biashara yenyewe ili kuzuia hasara) ikafungwa mbali na bei uliyoiweka. Hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha, wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliliandika hilo mwaka 1979. Ndipo mtu anaondoa stop losi, anaongeza loti (ukubwa wa biashara), huku mikono inatetemeka. Ukifika hapo zima simu, nenda hata ufukweni Shangani ukapunge upepo. Ada ya watoto na pesa ya salfa ya kupulizia mikorosho zisiguswe kabisa, tafadhalini. Aliyeumia wiki hii anipigie, hata usiku.