Firigisi ni tano, wazee ni saba

Mhariri,

Desemba ikibisha hodi, matatu za kutoka Nairobi kuja Kakamega, Busia na Bungoma hujaa hadi mlangoni, na boma lililozoea kupikia watu 8 hujikuta likipikia 40. Shukrani hazikosekani, maombi huwa marefu. Kinachokosekana ni hesabu ya jikoni.

Tuanze na chapati, maana ndizo huleta ugomvi. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati 20 hadi 24, kutegemea mkono wa anayekata madonge. Kwa watu 40, ukijua kwamba mtoto wa miaka 9 siku hiyo humshinda baba yake, kadiria chapati 100, yaani pakiti 5. Kila chapati hukaa kikaangoni dakika 2 hivi. Kwa kikaango kimoja, hizo ni saa 3 na dakika 20 bila hata kufuta jasho, na kukanda hakumo. Basi wekeni vikaango viwili, na anayesukuma asiwe ndiye anayegeuza.

Unga ukandwe kwa maji ya uvuguvugu, kisha ufunikwe nusu saa. Donge lisilopumzika ni kaidi: ukilisukuma linajirudi, chapati inatoka nene na ngumu kama kandambili. Hapo wengi humimina mafuta zaidi. Mafuta hayaponyi unga uliokandwa mkavu, yanaongeza kiungulia tu. Zikitoka motoni, zipangwe moja juu ya nyingine kwenye hotpoti au sufuria iliyotandikwa kitambaa safi, zilainishwe na mvuke wake. Pia awekwe mlinzi. Mlinzi huyo asiwe mjomba.

Pilau nayo huharibika kwa sababu watu hupima maji mara mbili ya mchele, wakubwa kwa wadogo. Kwa kilo 1 mambo huenda sawa. Kwa kilo 5, mdomo wa sufuria haupanuki mara tano, kwa hivyo maji yanayotoka kwa mvuke ni machache yakilinganishwa na yaliyomo, na wageni hupakuliwa uji wa nyama. Anza na kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kikombe cha mchele, maji moto mengine yakae kando tayari. Yakikauka, ondoa kuni, palia makaa juu ya kifuniko, na yeyote mwenye mwiko mkononi apelekwe mbali.

Wanaosherehekea Nakuru wana mtihani mwingine. Mji huo uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakifika kama nyuzi 94. Kisumu, kule chini ziwani, ni kama nyuzi 96. Tofauti inaonekana ndogo hadi ubandike maharagwe. Yalowekwe usiku kucha na yabandikwe mapema, la sivyo mzee wa kanisa ataombwa arefushe maombi huku jikoni wakipuliza moto.

Kuku wa kienyeji asitumbukizwe kwenye maji yanayotokota. Ngozi huiva, ikachunika pamoja na manyoya. Maji yawe ya moto tu, kisha ababuliwe juu ya ndimi za moto kuondoa malaika, vile vinyoya laini vinavyobaki. Jogoo aliyekomaa hutaka saa 2 za kuchemshwa polepole. Moto mkali humkausha nje, ndani akabaki mpira.

Sasa firigisi, au imondo kama tuiitavyo Waluhya. Kuku 5 wana imondo 5, na wazee wanaojihesabu kuwa wenye haki ya kuila huwa 7, mmoja wao shemeji aliyefika jana. Zamani wanawake wetu walikatazwa hata kuonja kuku waliyempika. Katazo hilo limekwisha katika nyumba nyingi, ila aliyeamka saa kumi za alfajiri bado hupata shingo na ukoko, pamoja na "asante sana, mama" inayorushwa kutoka kwenye kiti. Sahani za wapishi zitengwe na kufunikwa kabla ya kupakua kwa wageni. Wazee wagawane imondo 4 wanavyojua wao. Ya tano ni ya aliyekanda unga wa pakiti 5, naye apelekewe jikoni akiwa ameketi.

Mpishi wa sherehe,
Kakamega