Irisi, Dietes au gladiola? Picha nyingi hazisemi

Mhariri,

Picha za maua ya bustani za hapa Tabora zinazoletwa magazetini hupewa jina moja tu, "irisi", na wengine huandika "yungiyungi", jambo ambalo ni kosa zaidi. Ua jeupe lenye doa la njano, lipandwalo kandokando ya njia na mbele ya ofisi, mara nyingi ni Dietes, ndugu wa irisi mwenye asili ya Afrika. Irisi yenye ndevu ya Ulaya (ile yenye vinyweleo kwenye petali) hutaka kipupwe cha kweli ndipo ichanue vizuri, na hapa hakipo. Gladiola ya porini nayo hubatizwa irisi, ingawa maua yake hujipanga juu ya bua moja yakitazama upande mmoja.

Dietes zenyewe zina aina zinazotofautiana. Grandiflora ina ua la karibu sentimita 10, na vimikono vya zambarau katikati. Iridioides ni ndogo zaidi, na ua lake hunyauka siku hiyohiyo. Bicolor ni ya njano iliyopauka, petali tatu zikiwa na doa la kahawia iliyokoza. Picha ya karibu hufanya ua dogo na kubwa yalingane, kwa hiyo picha moja iwe na sarafu kando ya ua, nyingine ioneshe majani na shina zima.

Kinachoharibu zaidi ni weupe kuungua. Kamera hupima majani meusi-meusi yaliyojaa nyuma, inaongeza mwanga, na petali inabaki kama karatasi, bila mshipa hata mmoja. Kwenye simu, gusa petali nyeupe, kisha shusha alama ya jua mpaka mishipa ionekane. Kwenye kamera, punguza mwanga kwa ngazi moja hivi. Lenga fokasi kwenye vimikono vya katikati, tundu la lenzi liwe f/8, na kasi ya kupiga isipungue 1/250 ya sekunde, maana bua jembamba hutikiswa na upepo mdogo tu. Mawingu mepesi ni bora kuliko jua la saa sita. Zambarau ikigeuka buluu, usiiache kamera ijichagulie rangi; weka mpangilio wa mwanga wa jua.

Na jamani, msipinde bua ili ua litazame kamera! Bua la grandiflora na la iridioides huchanua tena na tena, hata mwaka unaofuata. Watunza bustani wanaolikata maua yakinyauka wanakosea vilevile. Ua likiwa chini, piga magoti.

Mpiga picha za maua,
Tabora