Gundi ya waya haimpigii mtoto mswaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wanaowafungia watoto waya za meno. Hapa Mbeya siku hizi jambo hilo limeshamiri, na maneno ya kuvutia wateja yameshamiri zaidi.

Hivi karibuni jirani yangu hapa Uyole aliniletea binti yake wa kidato cha tatu, katolewa waya. Meno yamenyooka, kazi haina kasoro. Nikamsogeza dirishani acheke. Kwenye meno ya mbele ya juu nikaona vijisanduku: katikati, pale breketi (kile kipande kidogo kinachoshika waya) ilipogandishwa kwa gundi, jino linang'aa, pembeni, hasa upande wa fizi, doa jeupe kama chaki, yaani jino limeanza kuliwa na asidi. Ukilikausha kwa pamba ndiyo linazidi kujitokeza. Mama mtu akaja juu: "Si waliniambia gundi yao ina floraidi, inaua bakteria?"

Waliyomwambia ni nusu ya ukweli. Ipo gundi ya resini, jamii ya plastiki, inayoshika sana. Ipo sementi ya glasi ayonoma, iliyotangazwa na Alan Wilson na Brian Kent wa London mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo hutoa floraidi. Ipo na ya mchanganyiko wa hizo mbili. Ukoga, ule utando wa bakteria kwenye meno, ukishakuwa na asidi, floraidi hupenya ndani ya bakteria, Streptococcus mutans akiwemo, ikamkwamisha asiweze kuvunja sukari, na asidi anayoitoa ikapungua. Hilo la "kuua" ndilo limetiwa chumvi. Kiasi kinachotoka kwenye gundi humpunguza makali tu. Kazi kubwa ya floraidi iko kwenye jino lenyewe, kulirudishia madini yaliyoliwa na asidi.

Tena floraidi ya gundi hutoka kwa wingi siku za mwanzo, kisha inashuka sana, na waya hukaa mwaka na nusu, hata miwili. Sementi hiyo inaweza kujijaza floraidi upya kutoka kwenye dawa ya meno. Sasa mtoto asiyepiga mswaki ataijaza na nini? Juni na Julai maji ya bomba huku kwetu yanakata vidole. Mtoto analowesha mswaki, anaupitisha mara mbili, anakimbilia chai ya sukari na maandazi. Madoa kama yale yanaweza kuonekana ndani ya wiki 4. Wazazi, chemsheni maji.

Sisemi resini ni mbaya. Sementi hushika kwa nguvu ndogo zaidi, na kwa mtoto wa Chunya au Makete kila breketi inayobanduka ni nauli ya kuja mjini na siku ya masomo imekwenda. (Na mtoto akiguguna muhindi wa kuchoma, breketi ya gundi yoyote inaweza kubanduka.) Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kutumia resini, ila aseme. Nilipomuuliza huyu mama gundi ipi ilitumika, alinionyesha risiti: "Waya, juu na chini", na kiasi cha fedha. Basi.

Wapo pia wanaoikimbia floraidi kwa kuwa wameona meno ya kahawia ya ndugu zetu wa Arusha. Yale huletwa na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi, kupita kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajijenga ndani ya taya. Binti wa sekondari aliyekwisha ota meno ya mbele hawezi kupata rangi ile kwa gundi, wala kwa dawa ya meno anayoitema.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujalipa, uliza gundi ni ya aina gani. Soma boksi la dawa ya meno: iwe na floraidi ppm (yaani sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500, maana zipo za mitishamba zisizo nayo kabisa. Na wenye kliniki, andikeni aina ya gundi kwenye kadi ya mtoto, mpakeni vanishi ya floraidi, ile dawa ya kupaka juu ya meno, anapokuja kukazwa waya, na gharama ya vanishi hiyo itajwe siku ya kwanza pamoja na bei ya waya, isije ikaibuka katikati ya safari kama nyongeza.

Tabibu wa meno mstaafu,
Uyole, Mbeya