Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Saba Saba, Tarehe Moja ya Miaka Mingi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja hapa Temeke kutufungulia maonesho yetu. Mwaka huu tumechukua tarehe moja tu, 7 Julai, tukaifuatilia mwaka hadi mwaka.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukitaja Saba Saba katika jiji hili, mtoto wa Mtoni au Mbagala anawaza foleni ya Barabara ya Kilwa na viwanja vya maonesho ya biashara. Wengi wetu tulikuwa tunajua hayo tu. Tuliposoma tukakuta kwamba Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954, hapa hapa Dar es Salaam, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, wajumbe wa Tanganyika African Association walikigeuza chama chao kuwa TANU, wakamchagua Mwalimu Julius Nyerere kuwa Rais. Waasisi walikuwa 17. Tumeyaandika majina yote ukutani, maana tuliona si haki kumtaja Mwalimu peke yake wakati walikuwapo akina Abdulwahid Sykes, John Rupia, Dossa Aziz na mshairi Saadani Abdu Kandoro.

Katika orodha hiyo hakuna mwanamke. Kwa hiyo tumemtengea Bibi Titi Mohamed ubao wake, na kwa maoni yetu ndio ubao bora kuliko yote. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, akapita kwenye vikundi vya lelemama vya mji huu akiwashawishi kina mama wachukue kadi. Tunapokwenda Maktaba Kuu tunapita barabara yenye jina lake, na wengi wetu tulikuwa tunapita bila kujiuliza ni nani.

Saba Saba nyingine ni ya majirani zetu. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi wa Nairobi walikwenda Kamukunji kudai mfumo wa vyama vingi. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano ule, walikuwa wamekwisha kukamatwa siku chache kabla. Polisi walitumia nguvu na watu walipoteza maisha. Kenya iliruhusu vyama vingi Desemba 1991, na sisi tukafuata mwaka 1992. Wakenya wanaikumbuka siku hiyo kwa jina hilohilo tunalotumia sisi, lakini kwao ni siku yenye machozi. Tunaomba wageni wetu wasimame kidogo mbele ya ubao huo.

Miaka 10 baadaye, tarehe 7 Julai 2000, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Arusha mwaka 1999 ulianza kutumika. Na Novemba 2021 UNESCO ikatangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa ndipo klabu ilipobishana sana. Tulikuta pia kwamba tarehe hiyo mwaka 1937 vita kati ya Japani na China vililipuka karibu na Beijing; mwaka 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru; na mwaka 2005 mabomu yaliua watu 52 London. Baadhi yetu wakasema saba mbili zina siri yake. Tulikataa kuliandika hilo. Mwaka una siku 365 na dunia ina mambo mengi, hivyo hakuna tarehe isiyo na msiba wala sherehe. Ila zipo tarehe ambazo watu wamezichagua kwa makusudi. UNESCO haikuokota 7 Julai njiani: ilikumbuka kuwa TANU ilikifanya Kiswahili silaha ya kudai uhuru. Ndiyo maana utaona kamba nyekundu ukutani ikitoka 1954 hadi 2021, na haigusi London wala Beijing.

Pamoja na mafanikio hayo, tuna changamoto. Hatuna nakala za magazeti ya zamani, na usafiri wa kwenda Makumbusho ya Taifa tunachangishana wenyewe. Tunaomba utusaidie kupata ruhusa na gharama za kunakili magazeti ya miaka ya 1950, pamoja na kinasa sauti kimoja. Wazee wa Temeke, Kariakoo na Ilala waliokuwa watoto mwaka 1954 bado wapo, na wameahidi kuzungumza nasi. Hilo la kinasa sauti ndilo la haraka zaidi, maana wazee hao umri umekwenda.

Baada ya maelezo hayo, tunakuomba ukate utepe na kutembelea mbao zetu. Wanachama watakuwa kila ubao kukupa maelezo.

Tunaomba kuwasilisha.