Barua kwa Swahibu Aliyeko Oregon

Tudor, Mombasa

Swahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako na zile picha za Hayward Field, uwanja wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, nilizipata. Nilizipeleka barazani zikapita mkono kwa mkono, hata mmoja akauliza kama hapo hukimbia binadamu au malaika. Nilipowaambia ndipo pale Faith Kipyegon na Emmanuel Korir walipotutolea dhahabu mwaka wa 2022, wakaziomba tena.

Sasa wewe wanitania kwamba huyo Phil Knight wenu ndiye shabiki wa kweli wa chuo chake, na mimi ninayefuata timu za chuo chetu ni shabiki wa mahamri. Haya. Mtu aliyekimbia chuoni hapo chini ya kocha Bill Bowerman, akaja akatajirika na Nike, kisha akarudi kutoa mamilioni, hata kuna ukumbi wa mpira wa kikapu wenye jina la marehemu mwanawe Matthew, huyo chuo chake amekipenda kwelikweli. Na Edward Cheserek wetu alipofika huko akanyakua mataji 17 ya NCAA, michezo ya vyuo vya Marekani, hakutoka mikono mitupu: alikuta mambo yamepangwa. Hilo nakupa.

Lakini hapa kwetu mambo ni mengine. Wewe waondoka, chuo chetu hapa Tudor kilikuwa Polytechnic. Waliotutangulia walikijua kama MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education. Mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na tangu 2013 ni Technical University of Mombasa. Wengi wa rika letu waliposikia jina limebadilika wakajitoa, eti chuo chao kilikwisha. Udhuru mtupu huo! Jua la Tudor ni lile lile, na vijana wacheza na njaa ile ile tuliyocheza nayo sisi.

Ngoja nikupe ya Kilifi. Wasichana wetu wa voliboli walikuwa na mechi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pwani, nami nikadandia matatu yao, kikapu cha mahamri na mbaazi mapajani. Wakati wa kupasha misuli, yule anayewapandishia wenzake mipira akanijia anachechemea. Soli ya kiatu cha kulia imeachama mbele, vidole vyaonekana. Kocha alishaanza kumwita wa akiba. Nikamkalisha kwenye nyasi, akavaa ndara yangu mguu mmoja, nami nikatoa vyangu: supagluu, uzi wa nailoni na sindano ile nene ya fundi viatu. Wajua mkoba wangu haukosi vitu hivyo. Nikashona mzunguko mzima, nikafunga fundo kwa meno, refa anatutazama na saa yake. Tulifungwa seti 3 kwa 2, na ile ya tano ilikuwa ya kuumiza roho. Kiatu hakikufumuka. Tangu siku hiyo naitwa Babu Supagluu, na mama watoto ameshaambiwa, sijui na nani.

Wako wenzetu wanaojitokeza mara moja, wakapigwa picha na hundi kubwa ya kadibodi, basi. Pesa zao ni nzuri, sizibezi. Ila ligi huchezwa wiki nenda wiki rudi, na nauli inayokosekana si ya fainali. Ya fainali hata mheshimiwa atatoa, maana kamera zitakuwako. Inayokosekana ni ya Jumamosi moja hivi ya Mei, mvua yanyesha, mechi haina maana kwa yeyote isipokuwa wanaoicheza. Hiyo ndiyo natoa mimi, kidogo kidogo, na nikikosa pesa nakwenda kushangilia. Sauti bado ninayo, alhamdulillahi.

Umesema waja Desemba na waniuliza ulete nini. Jezi usilete! Jezi zagawiwa kila msimu wa kura. Lete viatu vya voliboli, saizi 38 hadi 41, hata vilivyovaliwa maadamu soli ni nzima, pamoja na pedi za magoti. Usinunue vya bei kali, vitatiwa kabatini na kuogopwa. Na usitume mapema kwa posta. Tia ndani ya sanduku lako, hata kama itabidi shemeji apunguze nguo zake. Mwombe radhi kwa niaba yangu, na umsalimu sana.

Nitumie siku na saa ya ndege. Nitawaomba vijana matatu tuje kukupokea uwanja wa ndege wa Moi, na siku ya pili yake ujiandae: kuna mazoezi saa kumi jioni.

Wako,
Babu Supagluu